Kilichoingia Kwenye Sampuli Namba 14

Jumatatu, 2 Juni 2025

410! Naandika tena ili nijiamini: mia nne na kumi. Dkt. Inosenti, msimamizi wangu, kanipigia mwenyewe kutoka Arusha, na huyu ni mtu ambaye akikuandikia meseji ndefu sana basi ni "sawa". Anauliza, Hyasinta, sampuli yako namba 14 imefanya nini? Nikamjibu sijui Daktari, imefanya nini? Nilidhani imeunguza mashine ya chuo.

Kumbe imeshika chaji kuliko zote. Namba 1 mpaka 13 zilikuwa zinajikongoja kwenye mia na sabini, mia na themanini kwa gramu. Hii imeruka mpaka 410, na wameichaji na kuimaliza mara mia mbili, bado iko palepale. Nilipiga kelele kuku wakatawanyika. Bibi akatoka jikoni na mwiko mkononi, akauliza nani kafa.

Ikabidi nimweleze. Bibi Elizabeti ndiye aliyenilea hapa Ganako, na uwanja ninaochomea magunzi yangu ni wake, kwa hiyo ana haki. Nikamwambia: Bibi, magunzi ya mahindi ukiyachoma inavyotakiwa, kaboni yake inatoka kama kurasa. Nyembamba mno, unene wa chembe moja. Ndiyo grafini. Sasa kurasa zikilaliana zinagandana, chaji haina pa kupita. Mimi nazitoboa vitundu vidogo vidogo, chaji iingie na itoke. Hapo unapata elektrodi, yaani ile sehemu ya betri inayotunza chaji.

Bibi akafikiri. Akasema: kwa hiyo unatengeneza mkaa, halafu unautoboa, na serikali inakusomesha.

Leo sinuni. Hakuna wa kuniharibia siku hii, hata yeye.

Jumatano, 4 Juni 2025

Daktari anataka niirudie mara tatu. Anasema kitu kilichotokea mara moja si matokeo, ni muujiza, na miujiza ina watu wake. Sawa. Mapishi si ninayo?

Nimeshinda uwanjani. Magunzi yaliyokauka, natwanga kwenye kinu, nachekecha, unga wake nachanganya kwenye ndoo na potashi niliyopewa maabara. Halafu kwenye debe, naziba kwa udongo, nachoma taratibu mpaka uwe kaa tupu. Kutoka hapo ni Arusha, kwenye tanuru la chuo, digrii mia nane, bila hewa. Namba 15, 16 na 17 ziko tayari kwenye mifuko. Nimeandika kila kitu, hata upepo ulikotokea.

Bibi kakaa kwenye kigoda chake mchana kutwa akinitazama. Kaniuliza mara mbili kama ile ndoo huwa naiosha. Nikasema naiosha sana. Akasema hata siku ile? Siku ipi Bibi? Akasema basi, nauliza tu, akaenda kuchuma mboga ambayo hatukuihitaji.

Jumanne, 10 Juni 2025

176. 181. 169.

Nimerudi kutoka Arusha na uso wa msibani. Daktari hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Kaniambia mpaka tarehe 15 Julai namba 14 iwe imerudiwa, la sivyo sura yote ya tatu inatoka kwenye tasnifu. Bila sura ya tatu sina tasnifu, nina kijitabu cha kuchoma magunzi. Simalizi mwaka huu, na ufadhili unakoma Septemba. Baada ya hapo ni kurudi shambani na kuitwa msomi kwa kejeli.

Kaka yangu Clemensi kafika jioni na habari zake. Yeye ni dereva wa watalii, kampuni yake imemkabidhi gari la umeme, halitoi hata mlio. Leo ukungu na baridi ya kule juu vimeinyonya betri, gari likagoma katikati ya ule mlima wa kutokea kreta. Nyati wamesimama pembeni wanamwangalia. Kawaambia wageni kwamba hapa tunasimama makusudi kusikiliza ukimya wa Ngorongoro. Wakamshukuru, wengine machozi yakawatoka. Wamevutwa na Land Cruiser ya dizeli mpaka getini.

Ananiambia, dada, fanya haraka na huo mkaa wako, ukimya umeniishia. Nilicheka, halafu nikakumbuka 169.

Ijumaa, 13 Juni 2025

Maabara wamepima namba 14 ina nini ndani. Daktari kanipigia, na sauti yake siipendi. Kaboni ipo, sawa. Lakini kuna naitrojeni nyingi, na sodiamu. Namba 15, 16, 17 hazina. Ananiuliza, uliweka mbolea? Nikasema sikuweka. Chumvi? Sikuweka. Basi, Hyasinta, kuna kitu umeweka na hutaki kuniambia.

Mimi! Ninayeandika mpaka upepo!

Eti naitrojeni ndiyo imeamsha zile kurasa, na sodiamu imezitoboa vizuri kuliko potashi yangu. Yaani mtu fulani kafanya kazi yangu kwa ustadi kunizidi na hakuacha jina. Nimewachunguza mbuzi. Nimemchunguza hata jirani. Mbuzi wamenitazama kwa dharau.

Jumapili, 15 Juni 2025

Nimejua. Nimejulia kanisani.

Bibi aliokoka wakati wa Pasaka, akatuacha sisi na Ukatoliki wetu, akahamia kanisa la Mchungaji Josephati hapo chini. Leo kaniomba nimsindikize kwa kuwa anatoa ushuhuda. Nikaenda. Kasimama mbele, kilemba cheupe, kashika Biblia kwa mikono miwili. Akasema, Bwana Yesu asifiwe, mimi nilikuwa mtumwa wa ugoro kwa miaka hamsini, nilikuwa nanusa asubuhi, mchana na jioni, na tangu Pasaka sijagusa. Watu wakapiga vigelegele. Mchungaji akafuta macho.

Mimi nilikuwa nimekaa benchi la mbele kabisa. Nikaona kucha zake. Kahawia.

Nikabaki nimekodoa macho. Ugoro ni tumbaku, na tumbaku imejaa naitrojeni. Na hawa bibi zetu hawanusi tumbaku tupu, wanaisaga na magadi, yaleyale ya Engaresero tunayopikia maharage. Magadi ni sodiamu.

Waumini walikuwa wamesimama wanashangilia. Nikasimama na mimi. Nadhani hakuna aliyeshangilia kuliko mimi.

Jumatatu, 16 Juni 2025

Nilimsubiri amalize chai. Nikasema, Bibi, ndoo yangu. Akasema ndoo gani. Nikasema ile unayouliza kama naiosha. Akaanza kunisema kwa Kiiraqw, haraka haraka, na akifika huko najua kakamatika.

Ilikuwa hivi. Siku ile ya mwezi wa tano alikuwa amekaa karibu na ndoo yangu ya unga wa magunzi, mimi nimekwenda kuchota maji. Ugoro mpya umejaa kwenye upindo wa kitenge, ndiyo kwanza ameusaga. Mara Mchungaji Josephati huyo, hodi yake na miguu yake vinaingia pamoja. Bibi hakuwa na pa kuuficha. Kaumwagia wote kwenye ndoo, kaingiza mkono, akaanza kukoroga. Mchungaji akauliza, mama, unafanya nini? Akamjibu namsaidia mjukuu wangu na sayansi. Mchungaji akambariki, na ndoo akaibariki.

Mimi nikarudi, nikauchoma unga ule kama ulivyo.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Kanishika mkono, akasema mke mwenzangu, ukisema neno hili nje ya ukuta huu, nakufa. Nikamwambia Bibi, na mimi usiponitengenezea mwingine, nafeli. Tukatazamana kama wezi wawili waliokutana kwenye nyumba moja.

Tumekubaliana. Yeye atausaga. Tumbaku nitainunua mimi, maana yeye hawezi kuonekana nayo. Magadi yapo jikoni. Nikauliza, ni hivyo tu, tumbaku na magadi? Akasema kuna kitu cha tatu. Kitu gani? Akasema hicho ni cha kwangu, nilirithi kwa mama yangu, ukikijua utaniachisha kazi.

Jumatano, 25 Juni 2025

Mnada. Nimeenda mapema ili nisionwe, na nimeonwa na Karatu nzima.

Mzee mwenye tumbaku katoka Mbulu, ameipanga kwa mafungu kwenye turubai. Nikamwambia nataka yote. Akauliza, ya duka? Nikasema hapana. Ya msiba? Hapana, mzee. Akanitazama jinsi nilivyo, miwani, begi la kompyuta, akatikisa kichwa taratibu. Akaniongezea fungu moja kwa huruma.

Nageuka, Mama Lusia huyu nyuma yangu. Ndiye katibu wa wamama wa kanisa la Bibi, na ana vitunguu vya Mang'ola kwenye kikapu. Shikamoo Mama Lusia. Marahaba mwanangu, hiyo yote ni yako? Sasa ningesemaje? Nikasema ni ya masomo. Akasema haa. Ile "haa" ya mtu anayemwona mgonjwa barabarani.

Nilipomhadithia Bibi kacheka mpaka akashika ukuta. Sasa anacheka!

Ijumaa, 27 Juni 2025

Tumeusaga stoo, mlango umefungwa. Kwanza nilijaribu mwenyewe, tumbaku na magadi basi, nikaweka kwenye unga wa magunzi. Hiyo ndiyo namba 18. Nilitaka kuona kama naweza kumkwepa.

Halafu Bibi akafanya wa kwake. Lazima niseme, nimesoma miaka mingi na sijaona mtu anayepima vile. Hana mizani. Anachukua kwa ncha za vidole vitatu, ananusa kwa mbali, anasikiliza kinu. Anasema tumbaku ikishakauka ya kutosha kinu kinabadilika sauti. Nikasikiliza, kweli kinabadilika. Ilipofika kwenye kitu cha tatu akanigeuzia mgongo. Mgongo mpana, na nyonga ameziweka makusudi. Nikachungulia kulia, akahama kulia.

Alipomaliza akachukua kidogo "kuhakiki". Akahakiki puani mara mbili. Nikamkumbusha Pasaka. Akasema hii ni sayansi.

Namba 19, 20 na 21 zimetengenezwa. Kesho nazipeleka Arusha.

Jumapili, 29 Juni 2025

Nimeombewa.

Mchungaji Josephati kaja baada ya ibada, yeye na Mama Lusia. Wamesikia. Mimi ndiye mnusaji mpya wa Ganako, binti msomi aliyeharibikia chuoni. Mchungaji ni mtu mpole, kanisemesha vizuri kweli. Kasema hakuna kifungo kisichofunguka, mtazame bibi yako. Nikamtazama. Bibi alikuwa ameinamisha kichwa kama malaika.

Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa hapa kwenye ulimi. Lakini nilimwona Bibi vidole vimeing'ang'ania Biblia, na ni vidole vilivyonifunga viatu siku ya kwanza ya shule. Nikasema, ndiyo Mchungaji, niombeeni. Nikapiga magoti kwenye vumbi. Bibi kaniwekea mkono kichwani na "amina" yake ilikuwa kubwa kuliko za wote.

Walipoondoka nikamwambia, Bibi, una deni langu mpaka mbinguni. Akasema nyamaza, magoti yako yana vumbi. Akanipikia chapati. Za maziwa, anazopika Krismasi tu.

Jumatatu, 7 Julai 2025

Naandika nikiwa Arusha, kwenye ngazi za maabara.

Namba 18, ile yangu bila kitu cha tatu: 228.
Namba 19: 408.
Namba 20: 401.
Namba 21: 412!

Daktari kaniita kwenye hadubini, akanionyesha. Kurasa zimesimama, zimejaa matundu makubwa na ndani yake madogo, kama mkate wa kumimina ukiukata. Alisema ni nzuri mno. Sijawahi kumsikia akisema kitu ni kizuri, hata watoto wake.

Halafu akafungua daftari. Haya, umeweka nini? Nikasema ukweli nusu, ugoro. Akavua miwani. Nikasema tumbaku na magadi. Akasema hata 18 ilikuwa na hivyo hivyo, imepata 228. Nikasema kuna kitu cha tatu. Kipi? Nikasema sijui.

Akafunga daftari. Akasema, Hyasinta, hatuwezi kuandika kwenye tasnifu "na kitu cha tatu anachokijua mtengenezaji". Mtu wa nchi nyingine akitaka kurudia kazi hii atamfuata nani? Nikajibu atamfuata Bibi. Hakucheka.

Jumamosi atakuja Ganako mwenyewe. Anataka kuuona ukitengenezwa, kitu cha tatu kitajwe mbele yake, na aliyekitengeneza jina lake liandikwe. Asiposema, sura ya tatu inatoka. Hiyo Jumamosi ni tarehe 12. Mwisho ni 15.

Alhamisi, 10 Julai 2025

Nimeomba, nimebembeleza, nimenuna. Bibi hataki.

Nimemwambia basi nitajie mimi tu, nitasema nimebuni mwenyewe. Akasema utasema uongo kwenye kitabu? Yeye! Ndiye wa kuniuliza mimi habari za uongo!

Halafu akakaa. Akasema Jumapili hii anawekewa mikono, anakuwa kiongozi wa wamama wa kanisa. Kashona gauni. Akasema, Hyasinta, mimi nimeolewa nikiwa sijui kusoma, nimelima, nimezika mume, nimelea nyie. Katika maisha yangu yote hakuna mahali watu walikaa wakasema tumchague nani, wakasema Elizabeti. Hapa ndiyo mara ya kwanza. Na wewe unataka Jumamosi nitwange ugoro mbele ya mgeni.

Nampenda bibi huyu mpaka inauma. Lakini na mimi nina miaka miwili ya maisha yangu ndani ya yale madebe, na kama ni kuchaguliwa, hata mimi sijawahi. Nilimwambia hivyo hivyo. Tulilia kidogo, kila mtu upande wake wa meza.

Baadaye nikauliza, sasa Daktari nimwambie asije? Akapenga kamasi. Akasema aje. Mgeni hafukuzwi. Tutapika.

Jumamosi, 12 Julai 2025

Naandika jikoni, nimeegemea gunia la maharage. Nimeaga kwamba naja kutazama chai. Chai imeshachemka zamani, inamwagikia kuni. Acha imwagike.

Nianzie mwanzo, haraka.

Daktari kafika saa nne, katoka Arusha na shati la mikono mifupi, baridi hii ya Julai, midomo imembadilika rangi. Bibi kamfunika shuka la Kimasai kabla hajamaliza kusalimia. Alikuwa amevaa gauni lile jipya, la kesho. Nikajua kuna kitu anapanga, ila sikujua nini. Kampa viazi, kampa maziwa, kamuuliza habari za watoto mmoja mmoja. Hajataja tumbaku. Daktari anatazama saa, mimi namtazama Daktari.

Saa tano na nusu, sauti za watu barabarani. Mchungaji Josephati, Mama Lusia, na wamama wengine watano. Eti kabla ya sherehe ya kesho wamekuja kumalizia maombi ya mjukuu, ili kiongozi mpya awekewe mikono nyumba ikiwa safi. Nikamtazama Bibi. Hakushangaa hata kidogo. Ndiye aliyewaita! Kwa saa hiyohiyo!

Daktari, ambaye hajui lolote, kawapa mikono wote, kasema amefurahi, yeye kaja kwa ajili ya mambo ya tumbaku ya hapa nyumbani. Mchungaji kamshika mkono kwa mikono miwili, kasema hata sisi Daktari, hilo ndilo lililotuleta, Mungu akubariki kwa kumfuatilia mwanafunzi wako. Daktari akasema ni wajibu wangu. Mimi nilitamani ardhi inimeze na madebe yangu.

Mchungaji akasema tusimame. Nikapigishwa magoti katikati ya uwanja, mikono saba kichwani. Macho yafungwe. Mchungaji akaanza, na akianza huyu ana safari ndefu, huwa anaanzia Misri. Nikafungua jicho moja.

Bibi hakuwa kwenye mikono saba. Alikuwa amemshika Daktari shuka, anamvuta taratibu, kidole mdomoni. Wanazunguka nyuma ya mparachichi, wanaingia stoo. Daktari wa falsafa, mtu wa mikutano ya Ulaya, ananyata kwa ncha za viatu uwanjani kwetu.

Kumbe ndiyo hesabu yake. Watu wote wa kanisa wawe hapa hapa uwanjani, macho wamefunga, asibaki wa kuingia ghafla. Kanifanya mimi kisingizio. Sikukasirika. Nilijiuma midomo, na Mama Lusia alivyoona natetemeka akadhani Roho amenishukia, akanikandamiza zaidi.

Kinu kikaanza. Kidogo kidogo, amekifunga kitambaa nadhani. Mchungaji yuko jangwani na wana wa Israeli, hasikii. Ingetosha. Angemaliza, angemnong'oneza Daktari kitu cha tatu, wangerudi kabla ya amina.

Ila Daktari kafanya kosa. Nadhani alitaka kusaidia, akashika mtwangio. Sauti ya Bibi ikatoka stoo, nzima, ya kuitia ng'ombe: "Sio hivyo Daktari! Unauua! Lete hapa! Mimi natengeneza huu tangu sijaolewa!"

Mchungaji akanyamaza kwenye Bahari ya Shamu.

Hakuna aliyefungua macho. Hilo ndilo nililoliona, mimi mwenye jicho wazi. Wamama wote sita, hakuna hata mmoja aliyegeuka kutazama sauti imetoka wapi. Walikuwa wanajua. Wamejua siku zote, sijui tangu Pasaka, sijui tangu miaka hamsini. Na Mama Lusia, katibu, mtu wa "haa", kaanzisha pambio. Kwa nguvu, bila kuombwa, makofi na vigelegele. Wengine wakadaka palepale. Mmoja anapiga bati la karai. Walikuwa wanaimba kwa mioyo yao yote na jasho linawatoka, kumfunika mwenzao.

Bibi akizidiwa na kelele anapandisha sauti, ni kawaida yake. Hakujua anafunikwa, kadhani ni baraka tu. Akawa anamfundisha Daktari kwa kupiga kelele, na wao wakawa wanapandisha pambio. Nikatumia nafasi hiyo kusema chai.

Dirisha la jikoni linatazama stoo, mlango wake una upenyo. Nimemwona Daktari kapiga magoti, shuka limemwanguka, daftari liko juu ya gunia. Bibi amefungua mkono, kamwonyesha kitu kiganjani, kakitaja. Daktari kamtazama kama anayetaniwa. Bibi kakirudia. Kaandika. Mimi sikusikia, walikuwa kwenye kiitikio.

Sasa pambio limeisha. Wanatafuta lingine, wamekosa pumzi, mmoja kaanzisha juu mno limewashinda. Mchungaji hakuimba. Ameweka Biblia kwenye kiti, anavuka uwanja. Mama Lusia kamkinga na sahani ya viazi, kasema Mchungaji, vinapoa. Kaipita. Anakwenda stoo, polepole, na uso wake siuoni kwa kuwa amenipa mgongo.

Kumetulia, na Bibi namsikia vizuri. Hana habari. Amemaliza kusaga, yuko kwenye jina. Anamwambia Daktari aandike Elizabeti, na jina la baba yake, na la mama yake aliyemfundisha, na Ganako, wasije wakasema ni Mbulu. Daktari anasema ndiyo mama, ndiyo mama.

Anamwambia na kanisa pia aliandike. Aandike kwamba yeye ni kiongozi wa wamama.

Mchungaji yuko mlangoni. Mkono wake uko kwenye komeo. Hajafungua.